Jinsi ya kusoma hadithi na daftari la madeni mkononi

Tukiulizwa hadithi inafundisha nini wengi tunajibu "ubaya haulipi" alafu tunafunga kitabu, yani hapo hujasoma kitu. Mi nafanya hivi: chukua daftari kama lile la mangi dukani, upande mmoja andika nani kakosa, upande wa pili nani kalipa.

Anza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), maana humo majina yenyewe yashakupa jibu mapema, Adili na ndugu zake Hasidi na Mwivu. Wanamtosa mwenzao baharini kwa wivu, wanageuzwa manyani. Unaona rahisi eh, hesabu imefunga? Ngoja kwanza. Anayewachapa mijeledi kila usiku ni Adili mwenyewe, kaamriwa, na akimaliza anawakumbatia na kulia nao na kuwalisha. Sasa jaza ule upande wa pili. Aliyetoswa ndo hapati usingizi usiku! Kaa hapo kabisa, usikimbilie mwisho ambapo wanarudi kuwa watu, mwisho kila mtu anaukumbuka.

Ukizoea nenda kwa Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), hapo daftari litakusumbua. Baba mlevi, Zakaria, anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana, anamchunga kama mbuzi wa kafara, binti akifika masomoni kamba inakatika na mwisho anajiua. Kosa liko kwa Zakaria, jina kwenye upande wa malipo ni Rosa, na usijaribu kulifuta ili roho yako itulie, mwandishi kaliacha makusudi.

Alafu fanya na mtaani kwenu, ila hapa taratibu. Kwetu kuna mzee alikuwa anashika pesa za kikundi, zikapotea, mke wake ndo akahama kwa aibu, mzee mwenyewe mpaka leo kwenye misiba anakaa kiti cha mbele na anasoma rambirambi. Baadae kijana wake akaanguka na bodaboda akavunjika mguu, basi watu wote "mnaona, malipo ni hapahapa duniani". Mi pale kwa mzee sijaandika kitu, pako wazi mpaka leo, maana yule kijana hakula hata mia ya kikundi.