Kazi ya serikali Marekani bila digrii: usifurahi tu, jaza fomu hivi

Kila siku naulizwa, eti ni kweli serikali huku Marekani imefuta sharti la digrii kwenye kazi zake? Ni kweli, ila nusu. Jimbo la Maryland ndio walianza, Machi 2022, gavana akiwa Larry Hogan. Januari 2023 Josh Shapiro, gavana mpya wa Pennsylvania, hata viti vya ofisi hajavizoea, siku yake ya kwanza kamili kazini akasaini amri kwamba asilimia 92 ya kazi za jimbo, kama nafasi 65,000 hivi, hazidai digrii ya miaka minne. Minnesota na Massachusetts nao wakafuata. Sasa jamani walichotoa ni digrii, vigezo wameviacha palepale, na kigezo kikubwa sasa ni uzoefu, na uzoefu usipoandikwa vizuri ni sawa na huna.

Anza na tangazo lenyewe, lisome lote, hasa pale pa sifa za chini kabisa. Ukikuta wanataka digrii au uzoefu unaolingana nayo, ingia. Ila kazi za leseni kama udaktari, unesi, uwakili, hizo hazijaguswa, usipoteze usiku wako. Na uraia uangalie mapema: kazi za serikali kuu karibu zote ni za raia, za majimbo mara nyingi kibali halali cha kufanya kazi kinatosha, lakini soma kila tangazo maana zinatofautiana.

Haya, tuje kwenye kuhesabu, hapa ndio watu wanaangukia. Serikali kuu wanahesabu mpaka masaa, ukipiga masaa 20 kwa wiki mwaka mzima wao wanaona miezi 6 tu. Kwa hiyo kila kazi andika mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka ulioacha, na masaa kwa wiki. Mimi mara ya kwanza niliandika "godauni, miaka mitatu" nikatuma, wakanijibu sijafikia sifa, na kumbe pale godauni nilikuwa natrein wageni, napanga shifti, nahesabu stoo kila Ijumaa. Hayo yote sikuyaandika, nilidhani wataelewa wenyewe!

Kujitolea nako serikali kuu wanakuhesabia. Wewe mweka hazina wa chama cha kuzikana, umeshika michango ya watu miaka minne na hakuna aliyelalamika, hiyo ni kazi ya fedha kabisa, iandike. Na ulichofanya nyumbani, iwe Mwanza, Eldoret au Bukavu, usikifiche. Ila cheo peke yake hakitakusaidia, Mmarekani hajui mtendaji wa kata ni nani. Mwambie ulisimamia ofisi, ulikusanya ushuru, ulisuluhisha kesi za mipaka ya mashamba, uliandika ripoti za wilaya. Tena tumia maneno yaleyale ya tangazo, wakisema kuhudumia wateja na wewe sema kuhudumia wateja, usijitungie lako. Uongo lakini hapana, watapiga simu kwa supavaiza wako wa zamani.

Mfano wa serikali kuu: kazi nyingi za ofisini za ngazi ya GS-5 (GS ni ngazi za mishahara za serikali kuu, namba ikipanda na kazi inakuwa nzito) zinakubali digrii AU miaka 3 ya uzoefu wa jumla, ndani yake mwaka mmoja uwe wa kazi ya uzito wa GS-4. Kwa hiyo mlango huu ulikuwepo zamani, watu tu walikuwa wanaona neno digrii wanakimbia. Rezume yao, yaani CV, tangu 2025 isizidi kurasa mbili, kwa hiyo ile kazi ya wiki tatu ya kuosha vyombo itoe.

Kazi za majimbo sasa, nyingi zina maswali ya nyongeza mwisho wa fomu. Watu wanayajibu kwa uvivu, "angalia rezume yangu", wakati mara nyingi alama zako zinatoka humohumo na anayesahihisha hana haja ya kukutafutia jibu kwingine. Jibu kila swali kama vile rezume haipo: ulifanya nini, wapi, muda gani, kwa masaa mangapi. Na majibu yaandike kwanza pembeni kwenye simu ndio uyabandike, maana ukikaa sana ile tovuti inakutoa na kila kitu kinapotea, halafu tangazo linalofuata nusu ya maswali ni yaleyale.