Namba 945: ichambue mwenyewe kwa kalamu na karatasi

Ukiitazama juujuu, 945 haina la ajabu. Kumbe ndiyo namba witiri ndogo kuliko zote ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaipita. Kwa namba shufwa jambo hili huanza mapema, kwenye 12: 1 + 2 + 3 + 4 + 6 = 16. Witiri inabidi uisubiri mpaka 945. Tuthibitishe, na kikokotoo kiweke pembeni.

Hatua ya 1: Tafuta vigawo tasa

9 + 4 + 5 = 18, kwa hiyo 945 inagawanyika kwa 9 na kutoa 105, ambayo ni 3 × 5 × 7. Basi 945 = 3³ × 5 × 7. Zidisha tena uhakikishe. Kosa la hapa huharibu yote yanayofuata.

Hatua ya 2: Idadi ya vigawo

Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 4 × 2 × 2 = 16.

Hatua ya 3: Jumla ya vigawo

Wengi huviorodhesha kimoja kimoja. Sikushauri, maana ni rahisi kuruka kimoja. Tumia mabano:

(1 + 3 + 9 + 27) × (1 + 5) × (1 + 7) = 40 × 6 × 8 = 1920

Ukifungua mabano hayo, kila kigawo kinatokea mara moja tu. Toa 945, inabaki 975. Imezidi kwa 30.

Hatua ya 4: Hakikisha hakuna ndogo zaidi

Hapa ndipo penye utamu. Chukua jumla ya vigawo vyote, gawanya kwa namba yenyewe. Tunataka jibu lizidi 2. Kigawo tasa 3, hata kipeo chake kiwe kikubwa vipi, huchangia chini ya 3/2. Kile cha 5 chini ya 5/4, cha 7 chini ya 7/6, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo vigawo tasa viwili havitoshi: 3/2 × 5/4 = 15/8. Vinne navyo havipatikani, kwani 3 × 5 × 7 × 11 = 1155, tumeshapita. Ni vitatu basi.

Je, 5 inaweza kukosekana? Bora utakayopata ni 3/2 × 7/6 × 11/10 = 1.925. Haitoshi, na bila 3 hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo 3 na 5 ni lazima, na cha tatu ni 7, 11 au 13. Ukiweka 17 unapata 15/8 × 17/16, ambayo haifiki 2.

Chini ya 945 zinabaki namba tisa tu: 105, 315, 525, 735, 165, 495, 825, 195 na 585. Zipime kwa mabano. Itazame 315: 13 × 6 × 8 = 624, na ilihitaji kupita 630. Imepungukiwa na 6! Nyingine zote zimeachwa mbali zaidi.

Hatua ya 5: Miraba

Vigawo 16 ni jozi 8, na kila jozi inaiandika 945 kama tofauti ya miraba miwili. Chukua 27 na 35: wastani ni 31, nusu ya tofauti ni 4, hivyo 31² − 4² = 961 − 16 = 945. Saba zilizobaki zitafute mwenyewe.

Jumla ya miraba miwili usihangaike nayo. 945 ikigawanywa kwa 4 hubakiza 1, na hilo hutia watu tamaa, lakini 7 hubakiza 3 na kipeo chake ni witiri. Hapo mlango umefungwa.