Marhamu na krimu hazina nguvu sawa, hata asilimia ikifanana

Ukiandikiwa dawa ya kupaka, usiishie kusoma jina na asilimia. Angalia pia kama ni marhamu, krimu, losheni au jeli. Betamethasoni (dawa ya steroidi ya kutuliza mwasho na uvimbe wa ngozi) ya 0.05% kwenye marhamu mara nyingi huwa kali kuliko ileile kwenye krimu: mafuta mazito huziba ngozi, unyevu haupotei, tabaka la juu linalainika na dawa inapenya zaidi. Ndiyo maana ngozi kavu iliyokakamaa hufaidika na marhamu, na upele unaotoa majimaji hupewa krimu. Kichwani penye nywele, tumia losheni au jeli; marhamu itaganda kwenye nywele tu. Kwa hiyo tyubu ikiisha, usichukue aina nyingine bila kumuuliza mfamasia.

Mahali unapopaka pana uzito mkubwa, na wengi hawalijui hili. Haidrokotisoni, steroidi nyingine, hupenya kwenye ngozi ya korodani takribani mara 40 kuliko kwenye kigasha, ilhali nyayoni hupenya kidogo sana. Kope na uso navyo hunyonya haraka, kwa hiyo dawa kali ya steroidi ya mguuni isipandishwe usoni. Kufunika kwa plastiki huongeza upenyaji maradufu na zaidi, na nepi ya mtoto hufanya kazi hiyohiyo. Tafadhali wazazi, hapo muwe waangalifu sana.

Kipimo: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, karibu nusu gramu. Unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake.