Moyo au akili: usikilize kipi, na wakati gani

Moyo nao hujifunza. Ile hali ya kuona jambo haliko sawa kabla hujajua kwa nini, au kumwamini mtu tangu dakika ya kwanza, hutokana na mambo mengi uliyokwisha kuyaona na huwezi tena kuyataja moja moja. Mama lishe huonja mchuzi mara moja akajua chumvi imepungua, wala hahesabu vijiko. Fundi husikia pikipiki ikija akajua cheni imelegea. Kwa hiyo machale yako yana thamani kulingana na mazoezi uliyonayo katika jambo lile lile. Nje ya hapo unabahatisha, hata moyo ukiwa na uhakika namna gani.

Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili waliokuwa wakivutana kwa muda mrefu, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala ya pamoja juu ya suala hili. Kahneman alikuwa amechunguza makosa ya wataalamu wanaojiamini kupita kiasi. Klein alikuwa amewachunguza watu wa zimamoto na wauguzi wanaoamua papo hapo na kupatia. Walikubaliana kwamba kujiona una uhakika si kipimo cha kuwa sahihi, na kwamba hisia huaminika pale tu ambapo jambo lina utaratibu unaojirudia na mtu amepata nafasi ya kutosha ya kuujifunza. Kabla ya kufuata moyo, basi, jiulize maswali matatu:

1. Jambo hili lina utaratibu, au leo hivi kesho vile?
2. Nimelifanya mara nyingi, mimi mwenyewe?
3. Nilipokosea, niligundua upesi?

Swali la tatu ndilo linaloangusha wengi. Fundi akikosea, pikipiki inarudi jioni ile ile, naye anajifunza. Mnunuzi wa kiwanja akikosea, huenda asijue mpaka miaka kadhaa ipite na mtu mwingine atokee na hati. Tena watu wengi hununua kiwanja mara moja au mbili maishani, kwa hiyo moyo haujapata shule yoyote hapo. Ukihisi kwamba muuzaji ni mtu mwema, mshukuru Mungu, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ongea na majirani wa pande zote nne, na ukahakiki umiliki ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Majibu yakiwa ndiyo matatu, fuata moyo na usijichoshe. Muuza nyanya wa miaka kumi hana haja ya karatasi ili achague tenga. Hali kadhalika kwa mambo madogo ambayo kukosea hakuumizi: ule nini, uvae nini, upite njia ipi. Hapo kufikiri sana ni kupoteza muda.

Hatari ya mwili: ondoka kwanza

Kuna mahali ambapo maswali yale matatu hayahusiki. Bodaboda amesimama usiku na kuna kitu kwake kimekusimamisha nywele. Ngazi ina giza na mtu aliyekaa pale hatoi salamu. Mtoto ana homa kama homa nyingine lakini wewe mzazi unaona macho yake si yale. Fuata moyo papo hapo. Hesabu ni nyepesi: ukikataa pikipiki bila sababu umepoteza dakika kumi. Ukipanda kumbe machale yalikuwa ya kweli, huna pa kurudia.

Kinachowazuia watu hapa ni aibu. Tumelelewa kutomvunjia mtu heshima, basi mtu anapanda ilhali moyo umekataa, ili tu asionekane anamdharau kijana wa watu. Andaa maneno mapema: "Samahani kaka, nimeghairi, kuna mtu ananifuata." Usieleze zaidi ya hapo.

Lakini ruhusa hii ina mpaka. Machale yanakutosha wewe kuondoka, hayatoshi kumhukumu mwenzako. "Moyo wangu umemkataa" si ushahidi wa wizi wala uchawi, na watu wamepigwa hadi kufa kwa sababu mtu mmoja alihisi kisha akapiga yowe.

Fedha na bahati: karatasi kwanza

Moyo haujui riba. Mikopo ile ya kausha damu hutangazwa kwa rejesho la siku kwa sababu hiyo hiyo: ukiambiwa 10,000 kwa siku kwa siku 26, moyo unaona ni pesa ya mboga. Weka kwenye karatasi. Umepokea 200,000, utarudisha 260,000. Riba ni 60,000 ndani ya mwezi mmoja, sawa na asilimia 30. Ukiurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa riba 720,000 kwa kuzungusha laki mbili zile zile. Kabla ya kusaini, andika mistari mitatu: nitapokea kiasi gani mkononi (baada ya makato yote ya fomu na bima), nitarudisha kiasi gani kwa jumla, na siku ambayo biashara haikuuza nitatoa wapi rejesho. Mstari wa tatu ukibaki mtupu, uamuzi umeshapatikana.

Kubeti ni hivyo hivyo. Mtu ana mkeka wa timu tano, na kila timu anaiona ina nafasi ya asilimia 60. Kila mechi peke yake inaonekana nzuri, kwa hiyo moyo unaona mkeka mzima ni mzuri. Zidisha: mbili ni 36, tatu ni karibu 22, nne ni 13, tano ni chini ya 8 katika 100. Na ingawa matokeo hujulikana usiku ule ule, mpira hauna utaratibu wa kutosha kuufundisha moyo kutabiri. Unachozoea ni msisimko.

Pale vyote viwili vinapohitajika: mfano wa chumba cha kupanga

Maamuzi mengi ya kawaida yana sehemu ya hesabu na sehemu ya hisia. Chumba ni mfano mzuri, kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, dalali anataka yake ya mwezi mmoja, na ukikosea huhami kesho.

Chagua mambo yasiyozidi sita utakayoyapima, na uyaandike kabla hujaona chumba chochote. Kwa mtu anayefanya kazi mjini yangeweza kuwa haya: gharama yote ya mwezi, maji, umeme, usalama wa njia usiku, choo na bafu, na mkataba na mwenye nyumba. Gharama yote maana yake ni kodi pamoja na nauli. Chumba cha 80,000 kilicho mbali, ukipanda daladala nne kwa siku kwa nauli ya 600 siku 26, kinakula 62,400 juu yake: 142,400. Cha 110,000 unachotoka kwa miguu ni nafuu kwa zaidi ya 30,000. Moyo ulikuwa umeshapenda kile cha 80,000.

Ukishaona vyumba vitatu au vinne, toa alama 1 hadi 5. Pima jambo moja kwa vyumba vyote, kisha nenda jambo la pili. Anza na maji: chumba cha kwanza 2, cha pili 4, cha tatu 3. Halafu umeme: Luku ni yako, au mnachangia, na mnagawanaje ikiwa jirani ana friji nawe una taa mbili? Ukipima chumba kizima kwa pamoja, vigae vizuri vitakufanya uone hata maji yanatoka vizuri. Jambo lolote la usalama likipata 1, chumba kimetoka, hata kama jumla yake inaongoza.

Moyo unakuja baada ya hapo. Ukishamaliza kujumlisha, funga macho, jione unarudi kwenye chumba hicho saa tatu usiku umechoka, kisha uandike alama ya moyo, kando ya jumla ile. Mpangilio huu una historia. Mwaka 1955 Kahneman, akiwa kijana jeshini Israeli, alipewa kazi ya kutengeneza usaili wa askari wapya. Aliwataka wasaili wapime sifa sita, moja moja kwa namba, na wasijishughulishe na picha nzima ya mtu. Wasaili walinung'unika, naye akawaongezea hatua ya mwisho: ukimaliza, funga macho, mwone kijana huyu kama askari, mpe alama. Mtindo huo ulitabiri vizuri kuliko usaili wa zamani, na alama ya kufumba macho ikaonekana ina thamani yake. Hisia ile ile ambayo mwanzoni ingepotosha, ikija baada ya kupima inasaidia.

Tofauti ya jumla kati ya vyumba viwili ikiwa chini ya pointi tatu kati ya 30, vihesabu kuwa sawa na umwachie moyo achague. Ikizidi hapo na moyo bado unavuta kwenye kile kilichoshindwa, au unakikataa kilichoshinda, usimpuuze. Mwulize ameona nini.

Klein aliwahi kumhoji kiongozi wa zimamoto nchini Marekani aliyewatoa vijana wake ndani ya nyumba ghafla bila kujua kwa nini, na punde sakafu ikaporomoka. Moto mkubwa ulikuwa chini yao. Walipolichambua tukio, vitu vikajitokeza: sebule ilikuwa na joto kubwa mno kwa moto mdogo waliokuwa wakiuzima, maji hayakuupunguza moto huo, na ulikuwa kimya mno. Alikuwa ameviona vyote.

Nawe rudi kwenye chumba ukatafute. Simama mlangoni, angalia kuta kuanzia chini. Rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti tu, huku juu ni ya zamani, imepakwa kuficha kitu. Kwangua rangi hiyo kidogo kwa ukucha: ikitoka na unga mweupe wenye chumvichumvi, ukuta unanyonya maji. Angalia nyuma ya mlango, ambako mpakaji husahau. Mstari wa kahawia ulionyooka kutoka kona hadi kona ni kimo maji yalipofika masika. Dalali alikuonyesha dari na vigae, lakini jicho lako lilikuwa limeuona ukuta. Rudi pia jioni, usikie kama kuna baa jirani, na umwulize mpangaji anayefua uani, si dalali, maji hutoka siku zipi.

Ukikagua yote na usipate kitu, na moyo bado umekataa, subiri usiku mmoja. Asubuhi ukiwa umelala na umekula, hali ikiwa ile ile, tafuta chumba kingine ikiwa bado una muda.

Mambo yanayoharibu

Haraka ya mtu mwingine. "Kuna mteja anakuja saa kumi na hela taslimu." Msisimko unaoupata hapo umetengenezwa na anayekuuzia. Jibu ni moja: "Nitakupa jibu kesho saa nne." Biashara inayokufa kwa kusubiri usiku mmoja iache ife.

Njaa, usingizi, hasira. Mwili uliochoka hutoa hisia kali ambazo utazidhania ni machale juu ya jambo lililo mbele yako. Usikubali wala usikatae kazi, usivunje uchumba, usikopeshe mtu, kabla hujala na kulala.

Wasiwasi unaojifanya machale. Huu ni mgumu, na hakuna kipimo kisichokosea, lakini kuna dalili. Machale huelekea kitu kimoja, huanza ukiwa mbele ya kitu hicho, na hutulia ukipata jibu la kweli. Wasiwasi huhama: ukijibiwa suala la maji unarukia umeme, ukijibiwa umeme unarukia majirani, na ulikuwepo pia kwenye uamuzi wa jana na wa juzi. Kama kila jambo linakukosesha usingizi, zungumza na mtu wa afya; orodha na alama hazitatibu hilo.

Na akili nayo hudanganya. Ukijikuta unarudi kupandisha alama za chumba cha pili, choo kutoka 3 hadi 4, njia kutoka 2 hadi 3, ujue umeshaamua na sasa unatafuta mashahidi. Acha kalamu. Jiulize ulichokipenda ni nini, ukiandike kwa jina lake, kisha uone kama kina uzito huo.

Daftari

Bila kuandika, kila uamuzi ukishatokea utajiambia "nilijua tu", na moyo hautajifunza kitu. Chukua daftari dogo. Kwa kila uamuzi wenye uzito andika tarehe, moyo ulisema nini, karatasi ilisema nini, ulifuata kipi, una uhakika kiasi gani kati ya 10, na siku utakayorudi kuangalia: wiki mbili kwa simu ya mtumba, miezi mitatu kwa mfanyakazi uliyemwajiri, mwaka kwa chumba. Tenga kurasa: watu, fedha, vitu, kazi. Usichanganye, kwa sababu mtu anayesoma watu vizuri anaweza kuwa hovyo kabisa kwenye bei.

Ukurasa ukifika maamuzi 20, hesabu mara ambazo moyo ulipatia, na hasa angalia zile ulizoandika uhakika wa 9 au 10. Kama kwenye hizo umekosea nusu, basi kwa mambo ya ukurasa huo tumia karatasi hadi mwaka ujao, kisha uhesabu upya.

Unapoomba ushauri, mwendee aliyewahi kufanya uamuzi huo na akayaona matokeo yake, na umwulize kabla hujamwambia wewe unaelekea wapi. Ukitanguliza unachokitaka, wengi watakupa hicho hicho kwa kukuheshimu. Jibu lake nalo liandike, na tarehe.