Somo: Kuchagua kiolesura cha picha (madirisha na mausi) kwa kompyuta ya zamani, XT (yenye prosesa 8088 au 8086) hadi 486

Ukibahatika kupata kompyuta ya enzi za DOS, mfumo wa kuandika amri kwa maneno, kutoka stoo ya shule au ofisi hapa Kigoma, usiikatie tamaa. Inawaka na kukuonyesha C:\> kwenye kioo cheusi, na kijana aliyezoea simu ya kugusa hajui aanzie wapi. Ukiiwekea madirisha na mausi, mashine ileile inaandika barua na kuchora. Wengi hukimbilia Windows 95 kwa sababu ndiyo wanayoijua, halafu 386 yenye MB 4 inaibeba kwa kuhema. Mimi nasema mashine yenyewe ndiyo ituamulie.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kuwasha

Tazama nyuma ya pawa saplai. Nyingi zina swichi ndogo ya volti 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka umeme wetu, umeiua siku hiyohiyo. Kisha fungua kava, toa vumbi kwa brashi, utafute betri kwenye mazabodi. Yale mapipa madogo ya nikeli huvuja ukijani unaokula njia za shaba. Ikate na uitoe hata kama bado haijavuja.

Hatua ya 2: Jua ulicho nacho

Andika MEM usome kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi. Kama MSD, programu ya Microsoft ya kukagua mashine, ipo, itakutajia pia prosesa na kadi ya video. Ya mwisho hii watu huisahau, wakati ndiyo inayoamua utaona nini: VGA inakupa nukta 640 kwa 480 na rangi 16, Hercules 720 kwa 348 bila rangi, CGA 640 kwa 200, na hapo rangi ni mbili tu.

Hatua ya 3: Chagua

*8088 au 8086, RAM KB 640.* Hapa ndipo penye utamu. Windows 3.0 ya mwaka 1990 bado inakubali prosesa hizi, lakini kumbukumbu inayobaki kwa kazi ni finyu. GEM ya Digital Research, ya 1985, ni nyepesi sana, na hata asiye na hadi diski anaweza kuiendesha kwa flopi. Matoleo ya PC yaliyofuata yalibanwa kwenye madirisha mawili yasiyosogea baada ya Apple kulalamika kwamba yanafanana mno na Macintosh. Msimbo wake ulifunguliwa kwa leseni huria ya GPL mwaka 1999, na matoleo ya wapenzi wake yamerudisha uhuru wa kusogeza madirisha. Chaguo langu, hata hivyo, ni GeoWorks Ensemble ya 1990, ilimradi hadi diski ipo. Herufi zake hukuzwa bila kuchakaa, inaendesha programu kadhaa kwa pamoja, na GeoWrite yake inatoa barua safi kutoka mashine ambayo wengi wameshaiita chuma chakavu. Inastahili heshima kuliko inayopewa.

*286.* Ikiwa na MB 1, Windows 3.1 ya 1992 inaingia. Mwenye CGA asihangaike nayo, haina draiva yake, arudi GeoWorks.

*386 na 486.* Windows 3.1, na MB 4 ndipo inapotulia. Windows 95 waachie wenye 486 ya MB 16.

Hatua ya 4: Weka

Nakili CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, faili mbili ambazo DOS husoma inapowaka, pembeni kwanza. Hewa ya ziwa huotesha ukungu kwenye flopi, kwa hiyo hamishia zote kwenye hadi diski kabla ya kuendesha SETUP. Kwa Windows 3.1, hakikisha HIMEM.SYS, draiva inayofungua kumbukumbu ya juu ya MB 1, inapakiwa.

Maswali ya wanachama

*Kasulu:* Shikamoo fundi. 386 yangu ina MB 2. Windows 3.1 inafunguka, ila hadi diski inalia muda wote.

Marahaba. RAM imeisha, inaazima nafasi kwenye diski. Anza kwa WIN /S, inayofungua Windows katika hali nyepesi, utaona nafuu, ingawa programu za DOS hazitafunguka ndani ya dirisha. Dawa yenyewe ni kuongeza RAM: vile vijiti vya pini 30 huwekwa vinne vinne kwenye 386DX, viwili viwili kwenye SX.

*Ujiji:* Kaka, mausi ya USB itafaa?

Haitafaa. Tafuta ya serial yenye plagi ya matundu 9. Kwa GEM, pakia CTMOUSE, draiva ya mausi ya DOS, kwanza.

*Tabora:* Kwa nini tusiweke Linux nyepesi?

Kiini cha Linux kiliacha kuihudumia 386 tangu toleo 3.8 la mwaka 2013, na 486 nyingi hazina RAM ya kubeba madirisha yake. Kama yako ni Pentium III yenye MB 256, hapo IceWM, programu nyepesi ya madirisha ya Linux, inafaa kabisa. Tuma majibu ya MEM na jina la kadi ya video tukuangalizie.