SOMO: Vitunguu maji vya nyuma ya nyumba hapa Dodoma, na kwa nini vinakuozea stoo

Wakuu salaam. Inboksi yangu swali ni lile lile, "vitunguu vimeoza hata mwezi havijamaliza, nifanyeje". Naandika mara moja hapa, jirani akikuuliza mtumie hii.

1. Mbegu: Red Bombay, Mang'ola Red au Red Creole. Chukua ya msimu huu, mbegu ya kitunguu ikikaa zaidi ya mwaka uotaji unashuka sana.

2. Kitalu mwezi wa nne, mvua zinapoaga. Funika nyasi, miche ikianza kuchomoza toa nyasi.

3. Samadi iliyooza, sio mbichi.

4. Hamisha miche wiki ya 6 hadi ya 8, ikifikia unene wa penseli. Sentimita 10 mche na mche, 15 mstari na mstari. Usiuzike kina, kitunguu kinapenda kukaa juu juu.

5. Palilia kwa mkono, mizizi ni mifupi.

6. Mbolea ya Urea au CAN kidogo kidogo mwanzoni. Kikianza kutunga acha kabisa, ukiendelea shingo zinakuwa nene na hazikauki.

7. HAPA NDIPO WENGI WANAPOHARIBU, soma taratibu. Mara nyingi sio stoo inayoozesha kitunguu, kinakuwa kimeshaharibika shambani. Ukiona shingo zinaanza kulala zenyewe KATA MAJI, wiki mbili au tatu udongo ukauke, hata kama majani bado ya kijani na roho inakuuma. Usiyakanyage ili yalale, utavunja shingo uozo uingie. Zikishalala zaidi ya nusu, ng'oa asubuhi, tandaza kivulini penye upepo, na upepo huku kwetu tunao wa kutosha. Jua la mchana likikipiga moja kwa moja kinaungua upande mmoja na hapo ndipo kinapoanzia kuoza. Siku 10 hadi 14, mpaka ukibinya shingo haina unyevu na maganda yanalia. Ndipo ukate shingo, bakiza sentimita 2 au 3. Ukikata ikiwa mbichi umefungua mlango wa ugonjwa.

8. Weka kwenye kichanja au neti, sio kiroba cha nailoni, sio sakafuni, na visikae pamoja na viazi. Pitia kila wiki, kilicholainika toa.

MASWALI

Mdau, Nkuhungu: Mkuu vyangu vinaoza, tatizo nini?
Jibu: Namba 7.

Mdau, Nkuhungu: Nimesoma, ila mi nilimwagilia mpaka siku ya kung'oa ili vinenepe.
Jibu: Basi hukusoma. Hivyo ulivyonavyo kula mapema, usiweke.

Mdau, Kongwa: Shikamoo mwalimu. Shemeji alituletea mbegu kutoka Uholanzi, majani yamestawi ajabu ila chini hakuna kitunguu. Samadi imezidi?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Samadi haina kosa. Kitunguu kinasubiri urefu wa mchana ndipo kitunge, na aina nyingi za Ulaya zinataka mchana wa saa 14 au zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta, hapa mchana haufiki hata saa 13 mwaka mzima, kwa hiyo inaendelea kutoa majani tu. Kula majani hayo, ni mboga nzuri, mwakani tafuta mbegu za mchana mfupi.

Mdau, Kisasa: Maji ya kisima changu yana chumvi, itakubali?
Jibu: Kitunguu hakivumilii chumvi. Kama ladha unaisikia mdomoni, kitalu mwagilia maji ya bomba au ya mvua, miche ndiyo inayoumia zaidi. Ukibanwa, weka mchicha hapo, unastahimili kidogo.

Mdau, Kondoa: Majani yana michirizi myeupe inang'aa.
Jibu: Fungua katikati ya majani, utakuta vidudu vidogo vya manjano. Kiangazi ndio msimu wao. Mwagilia kutokea juu kwa nguvu asubuhi, vinapungua. Vikizidi nenda kwa bwana shamba na jani mkononi, usinunue dawa kwa kusimuliwa.

Mdau, Ihumwa: Vilivyoota stoo nivitupe?
Jibu: Hapana, vikiwa vigumu pika leo. Au vifukie kwenye ndoo yenye udongo, uchume majani ya kachumbari.