Kurudisha lipu ya chokaa kwenye nyumba ya duka, George Town

Nyumba za duka (duka chini, makazi juu) za George Town, Penang, nchini Malaysia, zilijengwa kwa matofali laini ya kuchoma, zikapigwa lipu ya chokaa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia lipu hiyo. Ukiiziba kwa saruji, maji hukosa njia, yakapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo ikalimega tofali kwa ndani. Hasara hii mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, nao wanaijua.

Bandua saruji kwa nyundo na tindo mpaka uipite alama ya unyevu. Mashine usiitumie: huondoa ngozi ngumu ya tofali, na tofali lililochunwa huanza kuporomoka unga.

Sasa subiri. Ukuta unataka wiki kadhaa, pengine miezi, ili ukauke, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa haraka ya mwenye nyumba. Utaona unga mweupe ukichomoza: hiyo ni chumvi. Ifagie kwa brashi kavu, izoe, itupe mbali, na urudie kila inapotoka. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani.

Kipimo ni karai 1 la chokaa iliyozimwa na kukaa majini angalau mwezi mmoja, hadi ikawa laini kama siagi, kwa makarai 3 ya mchanga wa mto uliooshwa. Ponda sana badala ya kuongeza maji. Ukigeuza mwiko chini juu na mchanganyiko ukabaki umeng'ang'ania, uko tayari. Vaa miwani na glovu. Chokaa huunguza macho.

Lowesha ukuta tangu jana yake. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 10. Likishika, lichore mistari ya kukatana ili la pili lipate pa kujishikia. Kabla ya kuongeza tabaka, bonyeza kwa kidole gumba: kikizama, bado, ukucha ukiacha alama hafifu tu, endelea. La mwisho milimita 3 hadi 5. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, maana jua na upepo hulipasua. Ufa wa siku ileile unafungwa kwa kusugua na ubao.

Rangi ni chokaa tena, nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, siku moja kati ya mkono na mkono. Ukitaka buluu kama ya jumba la kale la tajiri Cheong Fatt Tze mjini humo, tia nili. Rangi ya plastiki huziba ukuta kama saruji. Na chokaa ikipakwa nzito, hubanduka magamba.